Saa za Angani na Saa za Chini: Safari ya Dar es Salaam hadi Guangzhou

Wazee wetu wa Magomeni, na ninyi wafanyabiashara wa Kariakoo mliofunga maduka mapema ili mfike hapa: swali la mhadhara huu ni lenu kabla halijawa la mtu mwingine yeyote. Guangzhou ni mbali kiasi gani? Jibu la haraka lipo, na mwenye simu mkononi hulipata kwa dakika moja. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Baiyun, kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ni takriban kilomita 8,700. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani hukata kama kilomita 900 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa, wa kushuka na wa kutambaa uwanjani, unapata saa kumi na nusu hivi. Hesabu hiyo ni sahihi. Hata hivyo, haimwambii mfanyabiashara jambo analolihitaji, kwa sababu muda wa safari kati ya viwanja viwili vilivyo mbali hauamuliwi sana na ndege wala na kilomita. Unaamuliwa na mambo ya huku chini: ratiba, ruhusa za kupita katika anga za nchi, viza, foleni, forodha na barabara. Hii ndiyo hoja ninayokusudia kuitetea leo, na ninaitetea kwa sababu mji huu umezoea kudhani kwamba ili kuisogeza China karibu lazima kwanza tununue ndege.

Tuanze na kilomita zenyewe, maana nazo zina mambo. Ramani iliyotundikwa ukutani ni bapa, dunia ni duara, na mstari unaouchora kwa rula si ule unaofuatwa na rubani. Njia fupi hasa inatoka Dar es Salaam ikielekea kaskazini-mashariki, inapita kusini mwa Unguja, kisha inaingia baharini na kubaki baharini kwa muda mrefu sana. Nchi kavu inayofuata ni pwani ya Kerala, kusini mwa India, zaidi ya kilomita 4,400 kutoka hapa. Yaani nusu nzima ya safari ya China ni maji ya Bahari ya Hindi. Kutoka hapo njia inaikata India hadi karibu na Chennai, inavuka Ghuba ya Bengal, inaingia Myanmar, kaskazini mwa Thailand, Laos na kaskazini mwa Vietnam, ndipo inashuka Guangzhou. Ndege halisi huenda kando kidogo ya mstari huo, kwa sababu ya hali ya hewa na njia zilizopangwa na waongozaji wa anga, lakini haiachani nao sana.

Sasa linganisha na njia ambazo wengi wenu mnazitumia. Dar es Salaam hadi Dubai ni kama kilomita 3,980, na Dubai hadi Guangzhou ni kama 5,830. Jumla ni 9,810. Ukipitia Addis Ababa, kipande cha kwanza ni kifupi, kama kilomita 1,760, na cha pili ni kama 8,040. Jumla ni 9,800. Njia mbili zinazoonekana tofauti kabisa kwenye ramani zinalingana karibu sawasawa, na kila moja inaizidi njia ya moja kwa moja kwa kilomita 1,100 tu. Kilomita 1,100 angani ni saa moja na robo. Tuongeze nusu saa au zaidi kwa sababu ndege inatua na kupaa mara ya pili. Basi kwa haki ya kilomita, anayepitia Dubai au Addis Ababa angepaswa kuchelewa kwa saa mbili tu. Lakini tiketi zinazouzwa mjini zinaonyesha safari za muda wa saa 17, 20, hata 26. Saa zinazozidi hapo ni saa za kukaa kwenye kiti cha uwanja wa watu ukingoja ndege ya pili.

Kwa upande wa mashine, kazi ilikwisha zamani. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilizotoka Southampton kwenda Durban zilikuwa zikitua hapa Dar es Salaam, na safari ya Uingereza ilikuwa ya siku kadhaa, abiria wakishuka jioni kulala. Mwaka 1958 Boeing 707 ilianza kubeba abiria kwa mwendo ambao ndege za leo hazijauzidi. Wanaodhani kwamba kila kizazi cha ndege kina kasi kuliko kilichotangulia wanakosea, kwani kwa zaidi ya miaka 60 kasi imebaki palepale. Kilichoongezeka ni uwezo wa kwenda mbali bila kutua. Boeing 787-8, ambayo ya kwanza ya Air Tanzania iliwasili Julai 2018, inaweza kuruka kama kilomita 13,500 kwa tangi moja, na Guangzhou iko ndani kabisa ya uwezo huo. Baada ya mipango ya mwaka 2020 kukwamishwa na UVIKO-19, safari za shirika hilo kwenda Guangzhou zilianza mwaka 2021. Kwa hiyo kizuizi cha mashine kwetu hakipo tena.

Wazee wa pwani hawangeshangazwa na hoja hii. Biashara ya majahazi kati ya pwani yetu na Uarabuni na India iliendeshwa kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta vyombo kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Machi, na kusi ikavirudisha kuanzia Aprili. Kuvuka bahari kwenyewe, upepo ukiwa mzuri, kulikuwa kazi ya wiki kadhaa. Safari nzima, ya kwenda na kurudi, ilikula sehemu kubwa ya mwaka, kwa sababu nahodha aliyefika na kaskazi hakuwa na namna ya kuondoka mpaka kusi ianze. Miji ya pwani ilistawi ndani ya muda huo wa kungoja: watu walipanga nyumba, walioa, walikopeshana, walijenga misikiti. Mtu wa Zanzibar wa karne ya 19 aliyeulizwa Maskati ni mbali kiasi gani angeanza kwa kuuliza ni mwezi gani.

Upepo wenyewe haujaacha kazi, ila umehamia juu. Katika kimo ambacho ndege huruka, juu ya kaskazini mwa India na kusini mwa China, upepo wa miezi ya baridi huvuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayokwenda Guangzhou husukumwa nao, inayorudi hupambana nao. Chukua mfano mdogo: ikisukumwa kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, kilomita 8,700 zinaisha kwa saa 9 na dakika 10, ikizuiwa kwa kiasi hichohicho, inahitaji saa 10 na robo. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati huku chini kusi inavuma, juu ya kusini mwa India hutokea upepo mwingine mkali unaotoka mashariki kwenda magharibi, nao humpunguzia anayerudi sehemu ya mzigo. Hayo ni maumbile, na hayana mjadala. Lakini tofauti yote inayoletwa na upepo ni kama saa moja. Anayekosa ndege ya kuunganisha kwa dakika ishirini hupoteza zaidi ya hapo.

Kabla sijafika kwenye ratiba niseme neno juu ya tiketi, kwa kuwa nyingi zinasomwa vibaya, na hata watu waliosoma sana hukosea. Tuseme tiketi imeandikwa: kuondoka Dar es Salaam 23:00, kufika Guangzhou 14:30 kesho yake. Msomaji wetu kwanza anazigeuza saa hizo kuwa za Kiswahili: saa 5 usiku, saa 8 na nusu mchana. Akitoa moja kwa nyingine anapata saa 15 na nusu, anashika kichwa. Kurudi imeandikwa: kuondoka 16:00, kufika 22:30 siku hiyohiyo. Saa 10 jioni hadi saa 4 na nusu usiku, anapata saa 6 na nusu, anafurahi. Hesabu zote mbili si za kweli, kwa sababu tiketi huandika saa ya mahali penyewe, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5. Anapotua huko saa 8 na nusu mchana, Magomeni ni saa 3 na nusu asubuhi. Amesafiri kwa muda wa saa 10 na nusu. Anapoondoka huko saa 10 jioni, hapa ni saa 5 asubuhi. Safari yake ya kurudi ni ya saa 11 na nusu. Nimelitaja jambo hili kwa sababu mtu asiyejua safari yake ina urefu gani hawezi kujua ni nani anayemcheleweshea.

Nakuja sasa kwenye ratiba, ambapo ndipo uzito wa hoja yangu ulipo. Fikiria huduma mbili. Ya kwanza ni ndege ya moja kwa moja, ya saa kumi na nusu, inayoruka mara moja kwa wiki. Ya pili ni safari ya kuunganisha yenye jumla ya saa 18, lakini ipo kila siku. Ipi ni ya haraka? Ukizitazama tiketi utasema ya kwanza. Lakini haja ya kusafiri haichagui siku. Mtu ambaye haja yake inaweza kutokea siku yoyote ya wiki atasubiri ndege ya wiki kwa wastani wa siku tatu na nusu, yaani saa 84, kisha asafiri kumi na nusu. Jumla ni saa 94 na nusu. Wa ndege ya kila siku atasubiri kwa wastani saa 12, kisha asafiri 18. Jumla ni 30. Huduma iliyoonekana ya polepole imemfikisha mtu wake mara tatu mapema. Wanaopanga safari za anga wanaifahamu hesabu hii, na ndiyo maana mashirika makubwa ya Ghuba na ya Ethiopia yamejengwa juu ya kukusanya abiria wa miji mingi mahali pamoja ili ndege ijae na iruke kila siku. Nguvu yao iko kwenye idadi ya safari.

Nitajibiwa kwamba hakuna mtu anayekwenda kukaa uwanjani akingoja ndege ya wiki ijayo. Watu hupanga shughuli zao kufuata ratiba. Pingamizi hili ni la haki, na kwa safari ya kwenda linapunguza sana makali ya hesabu yangu. Anayekwenda kwenye Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou kila majira ya kuchipua na ya vuli tangu mwaka 1957, anajua tarehe miezi kabla. Kurudi ni kitu kingine. Kiwanda kilichoahidi kumaliza mzigo Jumatatu kinamaliza Jumatano. Kitambaa kimekuja na rangi isiyo yake, lazima kirudishwe. Hapo kila siku inayoongezeka ni malipo ya chumba mtaani Xiaobei huko Guangzhou, ni mtaji uliolala, ni duka la Mtaa wa Congo au Msimbazi linalouza bila mwenyewe kuwepo. Mwenye kontena baharini amekwisha kuukubali mwezi mzima au zaidi. Lakini aliyeamua kulipia mzigo kwa kilo kwenye ndege amenunua muda, na muda huo unaliwa na siku za kungoja ndege pamoja na siku za kutoa mzigo. Ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767-300F iliyopokewa Juni 2023, hubeba tani 54. Faida ya tani hizo kwa mtu wa Kariakoo inategemea zinapaa mara ngapi, na zikitua zinakaa ghalani siku ngapi kabla ya kukabidhiwa mwenyewe.

Na Kariakoo ina sababu ya pekee ya kuhangaikia jambo hili. Soko letu haliwauzii watu wa Dar es Salaam peke yao. Mnunuzi wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Bujumbura, wa Lusaka na wa Moroni anakuja hapa kwa sababu Kariakoo inamfupishia safari. Bidhaa za Guangzhou anazikuta hapa tayari, bila viza ya China wala tiketi ya ndege mbili. Tunachomuuzia ni nguo na vipuri, na ndani yake tunamuuzia muda wake. Siku ambapo yeye mwenyewe ataweza kwenda Guangzhou na kurudi na mzigo kwa siku chache kuliko zinazotumika kuingia na kutoka Kariakoo, hatakuwa na sababu ya kuja.

Wapo watakaosema ninaibeza ndege ya moja kwa moja, na kwamba taifa lisilo na ndege zake hubaki kuwa abiria wa wengine. Siibezi hata kidogo. Kwa mgonjwa, kwa mzee, kwa mama mwenye watoto wadogo, kutokubadilisha ndege ni tofauti kati ya safari inayowezekana na isiyowezekana. Pia ni kinga dhidi ya mambo yasiyo mikononi mwetu, maana kila kituo unachopitia kinakutia katika siasa za nchi nyingine. Tazameni yaliyotokea kati ya Helsinki na Tokyo. Kabla ya Februari 2022 ndege ya Finnair ilikatisha anga ya Urusi na kufika kwa saa 9 na nusu hivi. Anga hiyo ilipofungwa, safari ikafika kama saa 13. Hakuna kilomita hata moja iliyoongezeka kati ya viwanja hivyo viwili. Karibu na kwetu, anga ya Sudan ilifungwa Aprili 2023 vita vilipoanza, na ndege zilizokuwa zikipita juu yake zikalazimika kuizunguka. Mifano hii inaipa nguvu hoja ileile: ruhusa ni sehemu ya umbali. Ninachokikataa ni kuamini kwamba kununua ndege ndiyo mwisho wa kazi. Ndege ya moja kwa moja inayoruka mara chache ina faida chache, na ili iruke mara nyingi lazima ijae, na ili ijae lazima abiria wa Lubumbashi na wa Lusaka waweze kuunganisha hapa Dar es Salaam bila kusota. Jengo la Tatu la abiria, lililozinduliwa Agosti 2019 na kujengwa kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka, lina nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo. Kinachobaki ni ratiba zinazopishana vizuri, ukaguzi wa haraka kwa msafiri anayepita tu, na shirika linaloondoka kwa saa lililotangaza.

Vijana wengine wananiambia tusubiri teknolojia, kwamba ndege zenye kasi kuliko sauti zitarudi. Concorde ilibeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003 kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa. Lakini uwezo wake wa kuruka bila kutua ulikuwa kama kilomita 7,200. Isingefika Guangzhou kutoka hapa. Ingelazimika kushuka njiani kujaza mafuta, na juu ya nchi kavu ingepunguza mwendo kwa sababu ya mshindo wake. Hata tukiipa sifa zote na kuikatia safari hii nusu, ingetuokolea saa tano. Msafiri wetu hupoteza zaidi ya saa tano kati ya kutoka nyumbani, kuwahi uwanjani muda wa saa tatu kabla, foleni ya uhamiaji, na teksi ya Guangzhou kutoka Baiyun, uwanja ulio kama kilomita 28 kutoka katikati ya jiji.

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote: kwamba barabara, forodha na mifereji si mambo ya anga, na kwamba mhadhara juu ya viwanja vya ndege usiingie Jangwani. Nami nasema usipoingia Jangwani haujamaliza somo. Magomeni na Kariakoo zimetenganishwa na bonde la Mto Msimbazi, mwendo wa kilomita tatu hivi. Mvua kubwa ikinyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husimama, na anayeishi Magomeni Mapipa akitaka kulifikia duka lake hulazimika kuzunguka, pamoja na maelfu ya wenzake wanaozunguka kwa njia hiyohiyo. Upande wa Kigogo, kwenye Barabara ya Kawawa anayoifuata kwenda Ilala na kisha uwanja wa ndege, bonde ni lilelile. Mtu mwenye ndege ya saa 5 usiku, akijua kwamba njia inaweza kufungwa, anaondoka nyumbani adhuhuri. Hizo saa alizoziongeza kwa hofu, ziwe zimetumika au hazikutumika, ni sehemu ya safari yake ya China kama zile alizokaa juu ya Ghuba ya Bengal. Daraja jipya la Jangwani limo katika mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Anayepanga safari za anga za mji huu na asiulize daraja hilo litakamilika lini, wala mzigo wa ndege unatolewa kwa siku ngapi pale uwanjani, anahesabu saa kumi na nusu na kuziacha nyingine zote nje ya daftari.